Friedrich Fröbel

Friedrich Wilhelm August Fröbel (Oberweißbach, 21 Aprili 1782 – Marienthal, 21 Juni 1852) alikuwa mwalimu kutoka Ujerumani anayejulikana duniani kama mwanzilishi wa shule za chekechea. Jina alilozipa mwaka 1840, Kindergarten, yaani bustani ya watoto, limeingia katika lugha nyingi bila kutafsiriwa.

Kabla yake zilikuwepo nyumba za kuwatunza watoto wadogo wakati wazazi wako kazini. Nyingi kati ya hizo zililenga kuwalinda wasipatwe na ajali na kuwafundisha sala na adabu. Fröbel alidai zaidi: kwamba mtoto ambaye hajafikia umri wa shule hujifunza hasa kwa kucheza, na kwamba mchezo wake unapaswa kuandaliwa kwa makini kama mwalimu wa wakubwa anavyoandaa somo la hesabu. Dai hilo lilipigwa marufuku na serikali akiwa bado hai, na baada ya kifo chake liligeuzwa na baadhi ya wafuasi wake kuwa kitu alichokuwa akikipinga. Hata leo halijakubalika kila mahali. Mzazi wa Tunduma, Vwawa au Mlowo anayempeleka mtoto darasa la awali mara nyingi huuliza kwanza kama mtoto ameanza kuandika, na akiambiwa kwamba leo walicheza, huona kama siku imepotea.

Utoto

Fröbel alizaliwa katika milima yenye misitu ya Thuringia. Wakati ule Ujerumani haikuwa nchi moja, na kijiji chake kilikuwa chini ya milki ndogo ya Schwarzburg-Rudolstadt. Baba yake, Johann Jakob, alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye usharika uliotawanyika katika vijiji kadhaa, hivyo hakuwa na nafasi ya kukaa na watoto wake. Mama alifariki Friedrich akiwa na umri wa miezi tisa tu. Akalelewa na watumishi na kaka zake.

Baba alipooa tena, mama wa kambo alimpenda mtoto kwa muda mfupi. Alipojifungua mtoto wake mwenyewe, mapenzi yakaisha, akaanza kumsemesha Friedrich kwa namna ambayo Wajerumani wa zamani walitumia kwa mtu baki. Mtoto hakulisahau jambo hilo hadi uzeeni. Baba naye alimwona kuwa mzito wa akili, akampeleka katika shule ya wasichana ya kijiji badala ya ile ya wavulana. Nyumba yao ilizungukwa na kanisa, kuta na ua, na mtoto aliona mbingu, mlima na bustani ndogo. Humo bustanini ndimo alimojifunza kukaa peke yake na mimea.

Mwaka 1792, akiwa na miaka kumi, alichukuliwa na mjomba wake, Johann Christoph Hoffmann, aliyekuwa kiongozi wa kanisa katika mji wa Stadtilm. Huko kwa mara ya kwanza aliishi katika nyumba yenye upole, akapata watoto wa rika lake wa kucheza nao. Mwanzoni hakuweza hata kukimbia nao vizuri, kwa kuwa hakuwahi kucheza na kundi. Waandishi wengi wa maisha yake hurudi kwenye miaka hiyo wanapotafuta chanzo cha mawazo yake, na inaelekea wana haki: mtu huyo alijua kwa mwili wake tofauti ya mtoto aliyefungiwa na mtoto aliyefunguliwa.

Kutafuta kazi

Kuanzia mwaka 1797 alikuwa mwanagenzi wa mtaalamu wa misitu kwa miaka miwili. Mwalimu huyo hakuwa na muda wa kumfundisha, basi kijana akasoma vitabu na kuchunguza mimea mwenyewe. Mwaka 1799 aliingia Chuo Kikuu cha Jena, lakini fedha zake chache alimkopesha kaka yake, naye akashindwa kulipa madeni. Akafungwa kwa majuma kadhaa katika jela ya chuo, kisha akarudi nyumbani bila shahada. Baada ya kifo cha baba yake mwaka 1802 aliishi kwa kazi za ukarani na upimaji ardhi.

Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt akikusudia kuwa msanifu wa majengo. Huko alikutana na Anton Gruner, mkuu wa shule ya mfano iliyofuata mbinu za Mswisi Johann Heinrich Pestalozzi. Gruner alimwambia aache majengo na afundishe. Fröbel alijaribu, na mbele ya wanafunzi akajiona kama samaki aliyerudishwa majini. Mwaka huohuo alimtembelea Pestalozzi huko Yverdon, Uswisi, kwa muda mfupi. Alirudi tena mwaka 1808, safari hii akiwa na wavulana watatu wa familia ya von Holzhausen ambao alikuwa mwalimu wao wa nyumbani, akakaa hadi mwaka 1810. Alijifunza kwa Pestalozzi kwamba mtoto aone na kugusa kitu kabla ya kuambiwa jina lake. Hata hivyo aliona kwamba masomo ya Yverdon hayakuungana vizuri. Kilichomvutia sana ni michezo ya wavulana nje ya darasa, kwa kuwa ndani yake aliona nguvu, ushirikiano na furaha ambavyo masomo hayakuvitoa.

Baadaye alisoma Göttingen na Berlin. Mjini Berlin alijifunza elimu ya madini chini ya profesa Christian Samuel Weiss, mtaalamu wa fuwele. Mwaka 1813 alijiunga na kikosi cha kujitolea cha Lützow katika vita dhidi ya Napoleon. Hakupigana sana, ila alipata huko marafiki wawili ambao wangefanya naye kazi maisha yote: Wilhelm Middendorff na Heinrich Langethal. Vita vilipotulia alirudi kwa Weiss kuwa msaidizi katika makumbusho ya madini. Saa nyingi za kupanga fuwele, ambazo hukua zenyewe kwa maumbo kamili ya mchemraba na mengineyo, zilimfanya aamini kwamba sheria ileile inaunda jiwe, mmea na mwanadamu. Wazo hilo linaweza kumchosha msomaji wa leo, lakini bila hilo haieleweki kwa nini baadaye aliwapa watoto vipande vya mbao vya maumbo yale.

Mwalimu wa Keilhau

Kaka yake Christoph alifariki mwaka 1813 kwa homa aliyoambukizwa alipowahudumia askari majeruhi, akaacha watoto. Fröbel aliacha kazi ya Berlin ili kuwasomesha. Tarehe 13 Novemba 1816 alifungua shule huko Griesheim, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wa ndugu zake. Mwaka uliofuata shule ilihamia kijiji cha Keilhau, karibu na Rudolstadt. Middendorff na Langethal wakamfuata. Mwaka 1818 alimwoa Henriette Wilhelmine Hoffmeister, mwanamke msomi wa Berlin aliyekubali kuacha maisha ya mjini na kuingia katika umaskini wa Keilhau.

Wanafunzi wa Keilhau walilima bustani, walitembea misituni, walijenga mabwawa na ngome za kuchezea, kisha wakayageuza hayo kuwa hesabu na jiografia. Mwaka 1826 Fröbel alitoa kitabu chake kikuu, Die Menschenerziehung, kuhusu malezi ya mwanadamu. Ni kitabu kigumu, chenye sentensi ndefu zinazopanda na kushuka, na wachache walikisoma.

Wakati huo serikali za Kijerumani ziliogopa kila mahali ambapo vijana walifundishwa kufikiri wenyewe. Prussia iliushuku uhuru wa Keilhau na kuzishinikiza serikali jirani. Mkaguzi aliyetumwa aliandika ripoti ya kuisifu shule, lakini uvumi ulikuwa umeshaenea, wazazi wakawaondoa watoto wao, na kufikia mwaka 1829 wanafunzi walikuwa wachache kuliko walimu wangependa kuhesabu. Shule iliokolewa baadaye na Johannes Barop, aliyekuwa na akili ya fedha ambayo Fröbel hakuwa nayo kamwe.

Mwaka 1831 Fröbel alikwenda Uswisi, akafungua shule Wartensee na kisha Willisau, ambako alipingwa na baadhi ya viongozi wa Kanisa Katoliki. Mwaka 1835 alikabidhiwa kituo cha yatima cha Burgdorf. Hapo alikuwa na watoto wa miaka minne hadi sita mbele yake kila siku. Aliona kwamba watoto wengi walifika shuleni wakiwa wamekwisha kuharibiwa hamu ya kujifunza, na kwamba tatizo lilianza kabla ya shule. Kuanzia hapo, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, aliwaachia wengine wanafunzi wakubwa na kuwageukia wadogo.

Bustani ya watoto

Ugonjwa wa mke wake ulimrudisha Ujerumani mwaka 1836. Mwaka 1837 alifungua katika mji mdogo wa Blankenburg, Thuringia, taasisi ya kukuza hamu ya watoto ya kushughulika, pamoja na karakana ya kutengeneza vifaa vya kuchezea. Jina la taasisi hiyo lilikuwa refu mno kwa mtu yeyote kulikumbuka. Inasimuliwa kwamba jina fupi lilimjia ghafla alipokuwa akitembea mlimani na marafiki zake, akitazama bonde la Blankenburg chini yake. Henriette hakuishi hadi kulisikia likitangazwa. Alifariki mwaka 1839.

Tarehe 28 Juni 1840, wakati wa sherehe za miaka 400 ya uvumbuzi wa uchapaji wa Gutenberg, Kindergarten ilitangazwa rasmi. Fröbel alitaka kugharamia kazi yake kwa kuwauzia wanawake wa Ujerumani hisa. Hisa hazikununuliwa za kutosha, na baada ya miaka michache chekechea ya kwanza ilifungwa kwa kukosa fedha.

Neno bustani lina maana mbili hapa. Kwanza ni bustani halisi. Kila mtoto alipewa kijisehemu chake cha udongo apande anachotaka, na palikuwa na sehemu ya pamoja iliyotunzwa na wote, ili ajifunze kipi ni chake na kipi ni cha kila mtu. Pili ni mfano. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hauvuti mche juu ili urefuke; huandaa kitalu, huweka kivuli, humwagilia, na mche hukua kwa nguvu yake wenyewe. Ndivyo Fröbel alivyomwona mwalimu wa watoto wadogo. Kwa Kiswahili tulichukua njia nyingine, tukasema chekechea, neno linalotaja watoto wadogo wenyewe badala ya mahali wanapokuzwa.

Zawadi

Vifaa alivyotengeneza aliviita zawadi, kwa kuwa mtoto hupewa akiwa tayari kuvipokea. Vilipangwa kwa hatua.

Zawadi ya kwanza ni mipira sita laini ya sufi yenye rangi sita, kila mmoja na uzi wake. Hata mtoto mchanga anaweza kuishika. Mpira unaning’inizwa, unafichwa, unarudi. Mama huimba, na mtoto hujifunza kuwa upo na haupo, juu na chini, mbali na karibu. Zawadi ya pili ni ya mbao: tufe, mchemraba na mcheduara. Tufe hubingirika upande wowote, mchemraba hukaa ulipowekwa, mcheduara hufanya yote mawili. Mtoto haambiwi hayo. Anasukuma na kuona.

Zawadi ya tatu ni mchemraba uliokatwa kuwa michemraba midogo minane. Mtoto hupenda kuvunja ili aone ndani kuna nini, na hapa anaruhusiwa kuvunja kisha kuunda upya. Ya nne ina matofali manane bapa. Ya tano na ya sita ni mchemraba mkubwa zaidi uliogawanywa katika vipande 39 na 36, vingine vikiwa vimekatwa kwa mshazari ili vipatikane vya pembetatu.

Kwa vipande hivyo mtoto alijenga kwa namna tatu. Alijenga vitu vya maisha: meza, nyumba, kanisa, daraja. Alijenga maumbo ya kujua, yaani kugawa nane kuwa mbili mara nne, au nne mara mbili, na kuona kwamba idadi haibadiliki. Na alijenga maumbo ya uzuri, yaani michoro linganifu inayozunguka kitovu kimoja. Mtoto wa Blankenburg alijenga kanisa kwa kuwa aliliona kila siku. Mtoto wa Tunduma, anayeona foleni ya malori yanayovuka kwenda Nakonde upande wa Zambia na treni ya TAZARA ikipita, angejenga lori, geti na treni. Kifaa ni kilekile.

Baada ya zawadi zilikuja kazi za mikono: kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi, kutoboa michoro kwa sindano, kushona, kufinyanga udongo, kuunganisha vijiti kwa mbaazi zilizolowekwa. Kulikuwa pia na michezo ya mduara yenye nyimbo, ambamo watoto waliigiza ndege, kinu au mto. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya mama na mtoto. Wasomi walikicheka, akina mama walikitumia.

Kwa nini mchezo

Watu wengi wa wakati wake waliona mchezo kuwa mapumziko kati ya kazi na kazi, au uvivu unaovumiliwa kwa sababu ya umri. Fröbel aliona kwamba katika mchezo mtoto anatoa nje kilicho ndani yake, na wakati huohuo anaingiza ndani kilicho nje. Anayejifanya mama anayepika ameshaangalia, amekumbuka, amepanga hatua, amegawa majukumu na wenzake na amekubali kanuni. Hakuna aliyemlazimisha, na ndiyo maana anaendelea hata akichoka.

Fröbel hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Mwanafalsafa Karl Krause alimwelekeza kwenye maandishi ya Jan Amos Komenský, anayejulikana pia kama Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu aliyefariki mwaka 1670. Komenský alikuwa ameandika kuhusu shule ya kwanza ya mtoto akiwa mapajani mwa mama yake, na alitaka shule zote zifanane na mchezo. Kwa wasomaji wa nyanda za juu kusini za Tanzania jina hilo halipaswi kuwa geni: kanisa lililorithi Umoja wa Ndugu ndilo Kanisa la Moravian, ambalo wamisionari wake kutoka Herrnhut, Ujerumani, walifika Rungwe mwaka 1891 na kabla ya muda mrefu wakafungua kituo Mbozi.

Jambo jingine jipya lilikuwa la walimu. Fröbel aliamini kwamba kumlea mtoto mdogo ni taaluma, na kwamba wanawake wanapaswa kusomeshwa kwa ajili yake. Alianza kozi za wasichana miaka ya 1840, na mwaka 1850 akafungua chuo chao katika jumba la Marienthal. Kwa wasichana wengi wa Ujerumani wa karne ile, hiyo ilikuwa mojawapo ya njia chache za kupata kazi yenye heshima nje ya nyumba.

Marufuku na kifo

Mwaka 1848 mapinduzi yalipotikisa Ujerumani, walimu waliokutana Rudolstadt waliomba chekechea iwe sehemu ya elimu ya umma. Mwaka 1849, huko Bad Liebenstein, Fröbel alikutana na Bertha von Marenholtz-Bülow, mwanamke wa ukoo wa kibaroni. Wenyeji walikuwa wamemwambia kwamba kuna mzee mpumbavu anayerukaruka na watoto wa kijiji. Alikwenda kumtazama, akabaki kuwa mtetezi wake mkubwa. Mwaka 1851 Fröbel alimwoa Luise Levin, aliyekuwa mwanafunzi wake.

Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 7 Agosti 1851 waziri wa elimu wa Prussia, Karl Otto von Raumer, alipiga marufuku chekechea zote katika ufalme huo kwa madai kwamba zinaeneza ukafiri na ujamaa. Ushahidi wake ulikuwa kijitabu cha mpwa wa Fröbel, Karl Fröbel, kuhusu elimu ya wanawake na chekechea. Mpwa mwingine, Julius, alikuwa amehukumiwa kifo Vienna kwa kushiriki mapinduzi ya 1848 kisha akasamehewa, kwa hiyo jina la ukoo lilikuwa tayari linanuka katika ofisi za serikali. Fröbel alieleza kwamba yeye na Karl ni watu wawili tofauti. Marufuku haikuondolewa.

Ni vigumu kuamini kwamba serikali yenye jeshi kubwa iliogopa mipira ya sufi. Lakini waziri hakukosea kabisa katika kunusa: mtoto aliyezoea kujenga, kubomoa na kujenga tena kwa akili yake mwenyewe hakuwa raia ambaye utawala ule ulimtaka.

Fröbel alifariki Marienthal tarehe 21 Juni 1852, akazikwa Schweina. Juu ya kaburi lake yaliwekwa mawe ya maumbo ya zawadi ya pili: mchemraba, mcheduara na tufe. Marufuku ya Prussia ilifutwa mwaka 1860, miaka minane baada ya kifo chake, baada ya juhudi ndefu za Marenholtz-Bülow.

Kuenea na kugeuzwa

Marufuku yenyewe ilisaidia kueneza wazo, kwa kuwa Wajerumani waliokimbia siasa za nyumbani walilichukua pamoja nao. Familia ya Ronge ilifungua chekechea London mwaka 1851. Margarethe Schurz alifungua ya Kijerumani huko Watertown, Wisconsin, Marekani, mwaka 1856, na Elizabeth Peabody akafuata Boston mwaka 1860 kwa Kiingereza. Mwaka 1873 Susan Blow alianzisha chekechea ndani ya shule za umma za St. Louis. Japani ilifungua yake Tokyo mwaka 1876. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright, ambaye mama yake aliona zawadi hizo katika maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876 na kumnunulia, alisema uzeeni kwamba vipande vile vya mbao viliathiri kazi yake yote.

Lakini katika kuenea huko kitu kilipotea. Vitabu vya mwongozo viliandikwa, na katika madarasa mengi mwalimu alihesabu, watoto wote wakainua mchemraba kwa pamoja, wakauweka kwa pamoja, wakajenga umbo moja lililochorwa ubaoni. Vifaa vilikuwa vya Fröbel na mchezo haukuwemo. Mwishoni mwa karne ya 19 wasomi wa Marekani, akiwemo G. Stanley Hall, waliikosoa hali hiyo, na John Dewey alitaka mchezo utokane na maisha ya watoto wenyewe. Patty Smith Hill alitengeneza vipande vikubwa ambavyo watoto wangejengea nyumba ya kuingia. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, alikubali umuhimu wa vifaa ila hakupendezwa na michezo ya kuigiza, akisisitiza shughuli halisi kama kufagia na kumimina maji.

Fröbel mwenyewe anabeba sehemu ya lawama. Alipanga hatua za zawadi kwa ukali wa mpanga fuwele, na lugha yake ya mafumbo iliwafanya wanafunzi wake washike vifaa kuliko sababu zake.

Tanzania na mkoa wa Songwe

Tanzania ilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana mwaka 1981. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi kwa watoto wa miaka mitano na sita, na sera ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja. Ndiyo sababu shule za msingi za serikali zina darasa la awali. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016, uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ulitaka mtoto ajifunze kwa michezo, kwa kona za kujifunzia na kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira. Aidha, Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao ibara yake ya 31 inataja kucheza kuwa haki.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kuwa na makao makuu Vwawa, unafuata mtaala wa taifa. Vifaa vya Fröbel havihitaji kuagizwa kutoka Ulaya ili kazi yake ifanyike huko. Masalia ya mbao ya fundi seremala yakipigwa msasa ni zawadi ya tatu na ya nne. Vizibo vya soda, magunzi, mbegu na kokoto hugawanywa na kuhesabiwa. Udongo wa kufinyanga upo. Mdako unamfundisha mtoto kurusha, kudaka na kuhesabu kwa wakati mmoja, na ukuti ukuti ni mchezo wa mduara wa aina ileile aliyoipenda mzee wa Blankenburg. Pale mpakani Tunduma, ambako familia hutoka sehemu nyingi na watoto husikia Kinyiha, Kinyamwanga, Kiswahili na lugha za Zambia, mtoto asiyejua bado maneno ya darasani anaweza kuingia katika mchezo siku ya kwanza.

Kikwazo kimoja ni idadi. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na madarasa mengi ya umma nchini yanapita hapo. Mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi katika chumba kimoja huona ni rahisi kuwaimbisha herufi kwa pamoja kuliko kuwagawa katika kona. Kikwazo cha pili ni haraka ya wakubwa: baadhi ya shule binafsi huwapima watoto kwa usaili kabla ya darasa la kwanza, basi chekechea hugeuka maandalizi ya mtihani, na mtoto wa miaka minne hupewa daftari na kazi ya nyumbani. Vidole ambavyo havijafinyanga wala kusuka hushika penseli kwa shida, jambo ambalo mwalimu yeyote wa awali analijua.

Mwezi Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane na inayotaja ujifunzaji wa awali pamoja na afya, lishe, ulinzi na malezi yenye mwitikio. Toleo la mwaka 2023 la sera ya elimu limebakiza mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza.